Matriki ya HPMC, koti la Eudragit, punje au pampu ya osmosi: uchague kipi kwa kidonge cha kuachia dawa polepole?

Anayeanza kubuni kidonge cha kuachia dawa polepole huwa na haraka ya kuuliza atumie polima gani, yaani dutu ya molekuli ndefu inayoizuia dawa isitoke haraka. Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni dawa yenyewe inafyonzwa sehemu gani ya utumbo. La pili ni kitu gani kitakachoifungua: muda, maji, kupungua kwa asidi, au bakteria. Ukishayajibu hayo mawili, polima za kuchagua zinabaki chache. Nimeona fomula nyingi zenye mchoro mzuri sana wa utokaji wa dawa kwenye karatasi ya maabara ambazo zingekuwa hasara tupu kwa mgonjwa, kwa sababu mbunifu hakuwahi kujiuliza kidonge kitakuwa wapi saa ya sita.

Makala haya ni kwa mwanafunzi wa famasia, kwa anayefanya kazi kwenye kiwanda cha dawa, na pia kwa muuza dawa dirishani anayeona herufi EC (koti la kustahimili asidi), SR au XR (kuachia polepole) au OROS (pampu ya osmosi) kwenye boksi na kuulizwa tofauti yake.

Njia yenyewe

Mtu akiwa hajala, pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) ya mfuko wa tumbo iko kati ya 1 na 3. Akila, hupanda hadi 4 au 5 kwa muda, kisha hushuka tena. Utumbo mwembamba huanzia karibu na 6 na mwishoni hufikia kama 7.5. Halafu mwanzoni mwa utumbo mpana pH inaanguka tena hadi 6.4 hivi, kwa sababu bakteria wa humo huchachusha mabaki ya chakula na kutoa asidi. Anguko hilo wengi hulisahau, na tutaona linavyoharibu kazi.

Kuhusu muda, utumbo mwembamba hukipitisha kidonge kwa saa 3 hadi 4, kiwe kikubwa au kidogo, mtu awe amekula au hajala. Kinachoyumba ni mfuko wa tumbo. Kwa mwenye njaa, wimbi kali la misuli hupita kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili na kufagia kila kilichomo, kidonge kikubwa kikiwemo. Chakula kikiingia wimbi hilo husimama. Kidonge kikubwa kitakaa humo saa nyingi, na mtu akiendelea kula kila mara kitazidi kukaa, wakati punje za chini ya milimita 2 zinapenya kidogo kidogo pamoja na chakula. Utumbo mpana unaweza kukishikilia kidonge siku nzima au zaidi, ila maji yake ni machache na dawa nyingi hazifyonzwi humo vya kutosha.

Maana yake ni kwamba kidonge chochote kinachodai kufanya kazi saa 24 kinategemea mojawapo ya mambo mawili: ama dawa inafyonzwa kwenye utumbo mpana, ama kidonge kimezuiwa juu kisishuke. Nifedipini ya presha iko kundi la kwanza. Metformini ya kisukari iko kundi la pili, maana hufyonzwa zaidi sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na ikishapita hapo imepotea. Dawa hizi mbili zipo karibu kila duka la dawa la Afrika Mashariki, ndiyo maana nitazirudia kila mara.

Koti la kustahimili asidi

Hili linaahirisha tu, halipunguzi kasi. Kidonge cha diklofenaki chenye herufi EC hupita kwenye asidi kikiwa kizima, kisha koti likiyeyuka dawa yote hutoka kwa mkupuo mmoja. Nalisisitiza hili kwa sababu dirishani mara kwa mara EC huuzwa kana kwamba ni sawa na SR, na mgonjwa akaambiwa anywe mara moja kwa siku.

Polima za kazi hii zina vikundi vya asidi vinavyobaki bila chaji kwenye asidi kali, hivyo haziyeyuki, na hupata chaji pH ikipanda. Kila moja ina mlango wake. HP-55, ambayo ni HPMC (hidroksipropili methiliselulosi) iliyounganishwa na fthalati, hufunguka kwenye 5.5. Eudragit L 100-55 pia 5.5, L 100 kwenye 6, S 100 kwenye 7. Ukiagiza "Eudragit" bila kutaja herufi umeagiza jina la familia nzima. Eudragit E hufanya kinyume kabisa, huyeyuka chini ya pH 5, na kazi yake ni kuficha uchungu mdomoni. RS na RL haziyeyuki popote. Hupitisha maji tu, RL zaidi ya RS. Polima hizi zilianzia kampuni ya Röhm kule Darmstadt, Ujerumani, miaka ya 1950, na leo ni za Evonik.

Kiwango cha kawaida cha L 100-55 ni miligramu 4 hadi 6 za polima kwa kila sentimita mraba ya uso wa kidonge, pamoja na kilainishi kama triethili sitrati ili koti lisipasuke. Chini ya hapo, pembe za kidonge ndizo huvujisha kwanza. Jaribio la farmakopia, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, ni jepesi kulieleza: saa 2 kwenye asidi ya 0.1 N, dawa inayovuja isizidi asilimia 10, kisha unahamia kwenye bafa (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 6.8.

Lichague koti hili kama dawa huharibiwa na asidi (omeprazoli) au huchubua tumbo. Kwa omeprazoli kuna mtego: koti lenyewe ni polima ya asidi, na likigusana na dawa linaiharibu hata kabla boksi halijatoka ghalani. Ndiyo maana huwekwa tabaka la kati la kuzitenganisha. Ukiona punje za omeprazoli zimegeuka kahawia au zambarau, lishuku tabaka hilo.

Matriki ya HPMC

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu ndipo vidonge vingi vya SR na XR vilipo, na ndipo kiwanda chenye mashine ya kawaida ya kukandamiza vidonge kinaweza kuanzia bila kununua kitu kipya.

HPMC ni unga mweupe. Unauchanganya na dawa, unakandamiza, basi; mchanganyiko huo ndio matriki. Kidonge kikikutana na maji, uso wake unavimba na kuwa jeli, yenye utelezi kama wa bamia, na jeli hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Jaribu mwenyewe: weka kidonge kwenye mililita 900 za maji ya nyuzi 37, subiri saa mbili, kitoe, ukikate katikati kwa wembe. Utaona pete angavu nje, ukanda mwembamba wenye ukungu ndani yake, na katikati kiini kikavu, cheupe, kigumu vilevile kama kilivyotoka kwenye mashine. Kila saa inayopita pete inaingia ndani zaidi. Dawa inayoyeyuka kirahisi hupenya kwenye jeli na kutoka. Isiyoyeyuka hungoja hadi jeli yenyewe imomonyoke. Takeru Higuchi alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba dawa inayopenya kwenye matriki hutoka kwa uwiano wa kipeuo cha pili cha muda, yaani nyingi mwanzoni, kisha kasi inafifia. Kwa hiyo matriki peke yake haikupi mstari ulionyooka, na kwa dawa nyingi mstari ulionyooka hauhitajiki.

Mnato ndio unaochagua. Majina K4M, K15M na K100M yanaeleza mnato wa myeyusho wa asilimia 2: takriban 4,000, 15,000 na 100,000 kwa kipimo cha mPa·s. Kadiri unavyopanda, jeli inakuwa ngumu zaidi na dawa inatoka taratibu. Ila kiasi cha polima kina nguvu kuliko daraja lake. Chini ya kama asilimia 20 jeli huwa na mianya, na kidonge kimoja kati ya vingi kitasambaratika mapema. Mimi huanza na asilimia 30 na kushuka kwa uangalifu, wala siamini fomula yoyote iliyojaribiwa kwa kasi moja tu ya kasia, yule mkorogo wa chombo cha kupimia utokaji wa dawa. Tumbo lililojaa chakula hukanda kidonge kwa nguvu, na jeli dhaifu humeguka hapo. Ongeza kasi ya kasia, au tumia chombo cha mitungi inayopanda na kushuka, uone kama mchoro wako unabaki.

Sasa rudi kwenye metformini. Dozi ni kubwa, miligramu 500 au zaidi, dawa yenyewe inayeyuka sana kwenye maji, na haikandamiziki vizuri. Ukiongeza polima ya kutosha kuizuia, kidonge kinakaribia gramu 1. Wagonjwa hulalamikia ukubwa huo na wana haki. Glucophage XR, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, ilitumia ukubwa huo kwa faida: kidonge kinavimba, mgonjwa anakimeza na chakula cha jioni, chakula kinakizuia kwenye mfuko wa tumbo, na dawa inateremka kidogo kidogo kuelekea pale inapofyonzwa. Kilele cha dawa kwenye damu hufika kama saa ya 7, wakati kidonge cha kawaida hufika kati ya saa ya 2 na ya 3. Akikimeza bila chakula, wimbi la kufagia linakichukua na sehemu ya dozi inaishia chooni. Kwa hiyo maneno "meza pamoja na chakula cha jioni" kwenye bahasha ni sehemu ya ubunifu wa kidonge, sawa na HPMC yenyewe. Yaandikwe kwa herufi kubwa.

Kuna wakati mgonjwa ataona kitu laini chenye umbo la kidonge kwenye choo, aje kulalamika kwamba dawa haikufanya kazi. Mwambie: "Mama, hilo ni ganda tu, dawa yake ilishatoka." Ni bora kumwambia mapema, siku anapopewa.

Punje

Badala ya kidonge kimoja, dozi inagawanywa kwenye mamia ya punje, kila moja na utando wake, kisha zinajazwa kwenye kapsuli. Kampuni ya Smith Kline & French ilianza kuuza kapsuli za namna hii mwaka 1952, ikitumia nta. Leo utando ni ethiliselulosi au Eudragit RS na RL.

Faida yake kubwa ni usalama wa hesabu. Kidonge kimoja cha matriki kikipasuka, dozi ya siku nzima inamwagika. Punje kumi kati ya mia tano zikipasuka, mgonjwa hahisi kitu. Pia hazitegemei sana mlo, na unaweza kuchanganya punje za kasi mbili ndani ya kapsuli moja. Kwa mtoto au mzee asiyeweza kumeza, kapsuli inafunguliwa na punje zinanyunyizwa kwenye chakula laini. Hapo uwe makini na chakula chenyewe: punje zenye koti la kustahimili asidi zinataka kitu chenye uchachu, kama maziwa mgando au juisi ya matunda. Ukizitia kwenye maziwa mabichi au uji usio na uchachu na kuziacha zikae, koti linaanza kuyeyuka bakulini. Na zisitafunwe.

Gharama yake ni mashine. Unahitaji kitanda cha hewa, mashine inayorusha punje hewani huku ikizipulizia utando, chenye safu ya Wurster, iliyopewa jina la Dale Wurster wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mtu anayejua kuitumia. Utando ukipigwa kwa maji badala ya spiriti, lazima uupashe joto baadaye ili chembe za polima ziungane kabisa. Ukiruka hatua hiyo zitaendelea kuungana zenyewe ghalani, na kapsuli iliyopita majaribio mwezi wa kwanza itakuwa inaachia dawa pole mno mwezi wa sita. Kwa maghala ya pwani, yenye joto na unyevu mwaka mzima, hili si jambo la nadharia.

Jambo jingine la kuogopa ni pombe. Ethiliselulosi na Eudragit RS zote zinayeyuka kwenye ethanoli. Palladone, kapsuli ya haidromofoni kwa maumivu makali, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2005 baada ya kuonekana kwamba mgonjwa akinywa pombe kali dawa ya saa 24 inaweza kumwagika kwa muda mfupi, nayo ni dawa inayoweza kuzima pumzi. Tangu hapo ni kawaida kujaribu dawa za aina hii kwenye asidi yenye ethanoli hadi asilimia 40. Kama dozi yote ikitoka kwa pamoja inaweza kuua, usiichague njia hii kabla hujafanya jaribio hilo.

Pampu ya osmosi

Felix Theeuwes wa kampuni ya Alza, California, aliieleza pampu ya msingi mwaka 1975. Kidonge kinavikwa utando wa selulosi asetati unaopitisha maji bila kupitisha dawa, kisha leza inatoboa tundu dogo. Maji yanaingia kwa kasi moja, kwa hiyo dawa inatoka kwa kasi inayokaribia kuwa moja. Kwa dawa isiyoyeyuka kama nifedipini ziliongezwa tabaka mbili: juu dawa, chini polietilini oksidi na chumvi. Ya chini inavimba na kusukuma ya juu itoke tunduni. Shika kidonge cha namna hii kwenye mwanga na ukigeuze. Utaliona tundu, nukta ndogo upande mmoja.

Hapa ndipo nifedipini ilipopata nafasi yake. Kapsuli ya zamani ilishusha presha ghafla na moyo ukaanza kwenda mbio kufidia. Kidonge cha pampu kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1989 kiliondoa ghafla hiyo, kwa sababu kwa dawa hii kasi ya kupanda kwenye damu ndiyo huleta madhara. Huo ndio mfano wa kazi inayostahili pampu: kasi yenyewe inaponya au inadhuru, na utumbo mpana unaifyonza dawa.

Bei yake ni nzito. Inahitajika mashine ya kukandamiza tabaka mbili, chumba cha kupulizia asetoni kisichoweza kulipuka, leza, na kifaa cha kutambua upande wenye dawa, maana tundu likitobolewa upande wa pili kidonge hakifanyi kazi. Ganda haliyeyuki, hivyo mwenye utumbo uliobana sana asipewe. Na kuna onyo la Osmosin: pampu ya indomethasini iliyokuwa na chumvi ya potasiamu, ikaondolewa Uingereza mwaka 1983 baada ya wagonjwa kutoboka utumbo. Dawa yenye kuchubua ilikuwa ikitoka tunduni na kumwagika mahali pamoja kwenye ukuta wa utumbo. Kasi ilikuwa sahihi. Mahali ndipo palipokosewa.

Metformini nayo ilitengenezewa pampu, Fortamet, yenye tundu kila upande, na ikatengenezewa pia kidonge cha kubaki tumboni, Glumetza. Ukijumlisha na Glucophage XR, zote tatu humezwa na mlo wa jioni na zote hushusha sukari, lakini bei ya hizo mbili huko Marekani iko mbali juu ya ile ya matriki ya kawaida. Kwa dawa hii sioni sababu ya kiwanda chetu chochote kwenda mbele ya HPMC.

Ukilenga utumbo mpana

Mesalazini ya vidonda vya utumbo mpana inaonyesha tofauti za vifungua-mlango kuliko dawa yoyote, kwa sababu imetengenezwa kwa njia zote:

| Bidhaa | Kinachofungua | Inapoanzia kutoka |
|---|---|---|
| Pentasa (punje za ethiliselulosi) | maji na muda | duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), ikiendelea hadi chini |
| Asacol (Eudragit S) | pH 7 | mwisho wa utumbo mwembamba |
| Mezavant (koti la pH juu ya matriki) | pH karibu 7, kisha jeli | mwisho wa utumbo mwembamba, ikienea utumbo mpana |
| Sulfasalazini (mesalazini iliyofungwa na sehemu ya salfa) | bakteria wanaokata kifungo cha azo kinachoziunganisha | utumbo mpana |

Ugonjwa ukifika hadi utumbo mwembamba, punje za Pentasa ndizo zina mantiki. Ukiwa utumbo mpana tu, pH inavutia, lakini kumbuka anguko la pH mwanzoni mwake. Kidonge kikipita mwisho wa utumbo mwembamba haraka kabla koti halijayeyuka, kinaingia mahali penye pH 6.4 na kinaweza kutoka kizima. Sulfasalazini, iliyobuniwa Uswidi na daktari Nanna Svartz na kuripotiwa mapema miaka ya 1940, haina tatizo hilo, maana bakteria hawakosekani. Shida yake ni sehemu ya salfa, ambayo baadhi ya wagonjwa hawaivumilii. Ubunifu wa karibuni unachanganya Eudragit S na wanga sugu (usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba) ndani ya koti moja, ili pH ikishindwa bakteria waule wanga huo na kulifungua koti. Kama ningeanza mradi wa utumbo mpana leo, ningeanzia kwenye funguo hizo mbili kwa pamoja.

Nikiambiwa nichague

Dawa huharibiwa na asidi au huchubua tumbo, na dozi ya mkupuo haina shida: koti, na punje zenye koti kuliko kidonge kimoja kama mashine ipo. Dozi ni kubwa, inayeyuka, inafyonzwa juu: HPMC nzito, pamoja na maelekezo ya mlo. Wagonjwa ni watoto, au dozi itagawanywa: punje. Kasi yenyewe ndiyo tiba na mtaji upo: pampu.

Kwa dirishani kanuni ya kuvunja kidonge inatoka moja kwa moja kwenye ubunifu. Pampu na kidonge chenye koti havivunjwi kabisa. Matriki ya HPMC ikivunjwa, uso mpya unafunguka na dawa inatoka haraka zaidi, kwa hiyo usivunje isipokuwa kijikaratasi cha ndani kimeruhusu. Vidonge vilivyotengenezwa kwa punje zilizokandamizwa, kama baadhi ya metoprololi suksinati, vinaweza kugawanywa kwenye mstari wake, kwa sababu kila punje inabaki na utando wake.

Na kabla ya kusaini fomula yoyote kati ya hizi, iache kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ndani ya blista ileile itakayouzwa, kisha rudia jaribio la kuachia dawa kila baada ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Koti na utando wa punje ndivyo vitakavyobadilika kwanza. Vipewe nafasi ya kubadilika kwako kabla ya kubadilika kwa mgonjwa.